Jina Nililompa Mama Mdogo

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi na mama mdogo, jina lake Sikujua, tulikwenda kisimani, kila mmoja na debe lake. Alikuwa mke wa baba mdogo Makoye, na sote tuliishi kaya moja pale Segese. Ilikuwa mwaka 1953. Alitembea polepole, amejitanda khanga mbili hata jua likiwaka, na watu walimwita mvivu. Shingoni alikuwa na rovu, uvimbe mkubwa kama ngumi. Alikuwa ameolewa miaka sita na hakuwa na mtoto.

Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Mama yangu alikuwa Mama Philomena. Siku moja kisimani rafiki yangu Melania akauliza, "Huyu naye tumwite mama nani?"

Mimi na mdomo wangu! Nikajibu, "Mwiteni Mama Rovu! Si ndiye mtoto anayembeba?"

Wenzangu wakacheka mpaka maji yakamwagika. Mama mdogo alisikia. Alijitwisha debe lake akaondoka. Hata leo nikikumbuka uso unaniwaka kwa aibu.

Jina likaenea upesi. Siku ya gulio watu wazima walimwita hivyo hadharani. Bibi naye akapata la kusema: "Hata watoto wameona! Mvua zikiisha arudi kwao Kagongwa, Makoye aoe mwingine."

Baba mdogo akamsihi mkewe aende zahanati kwanza. Akakataa. "Njia inapita kisimani. Siendi kuchekwa tena."

Hakumwambia mtu kwamba ni mimi niliyelitunga jina lile. Hilo ndilo lililonimaliza. Jioni nikamfuata jikoni, nikapiga magoti. "Mama mdogo, nisamehe. Nimekukosea sana."

"Nilikusikia siku ile," akasema. "Sasa na wao wakusikie."

Kesho yake nikasimama kisimani mbele ya watu. "Lile jina nililitunga mimi. Nilikosa. Msimwite tena." Melania akanicheka. Mama mmoja akafoka, "Mtoto huna haya wewe!" Nikalia mbele yao wote. Mama mdogo akanishika mkono, tukapita pamoja na baba mdogo na bibi, waliokuwa wametufuata, hadi zahanati.

"Shikamoo, mganga," tukasema.

"Marahaba." Bwana Eustace, mganga wa zahanati, akamgusa mama mdogo shingo. "Unasikia baridi? Unachoka?"

"Sana."

"Na damu ya mwezi?"

Mama mdogo akainama. "Hupita miezi minne, mitano, bila kuiona."

"Basi nisikilizeni. Shingoni kuna tezi. Hutoa kitu kinachoingia kwenye damu na kuuamsha mwili wote. Ya huyu imedhoofika, ndiyo maana amepoa na kuchoka. Hata ovari, vile vifuko vya mayai ya uzazi, hazifanyi kazi sawasawa. Yai halipevuki, basi mimba itoke wapi? Si kila mwenye rovu yuko hivi, na si kila asiyezaa ana rovu. Lakini huyu ni mgonjwa, si mvivu, wala hakulogwa."

"Mayu wane, mama yangu!" bibi akaguna. "Nami nilitaka kumfukuza!"

Mganga akampa mama mdogo vidonge ameze kila siku, arudi kupimwa kila mwezi. Kisha baba mdogo akamweleza habari ya lile jina. Bwana Eustace akanitazama mpaka nikaangalia sakafu.

"Mwanafunzi, kuugua si aibu. Aibu ni kumcheka anayeugua. Dawa ya tezi ninayo kabatini. Ya jina lile sina, na ukishalitoa mdomoni halikusikilizi tena."

Baada ya miezi michache damu ikaanza kuja kwa wakati wake, na bibi hakuitaja Kagongwa tena. Mwaka wa pili mama mdogo akamzaa Cornel, kaya nzima ikapiga vigelegele. Lakini mpaka leo, siku ya gulio, wako wanaomwita Mama Rovu. Yeye huitika tu. Mimi ndiye ninayeinamisha kichwa.