Kuni Nzito za Akullo

Mwaka 1977, katika mvua za masika za Aprili, mafuta ya taa yaliadimika mjini Kampala. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, na wengi walirudi na madebe matupu. Makaa nayo yalipanda bei, kwa kuwa malori yalikosa vipuri.

Akullo aliishi Kisenyi pamoja na mumewe, Ogwal, fundi wa magari. Kila asubuhi Akullo aliwauzia mafundi uji wa mtama kwenye lango la gereji alikofanya kazi Ogwal. Uji huo ndio uliolipa karo ya binti yao, Ayot. Akullo alikuwa amelelewa katika nyumba za polisi, na tangu utotoni alipikia jiko la mafuta. Moto wa kuni hakuujua. Jiko lilipokauka, alipanga mafiga matatu uani, chini ya kibanda cha bati, akaenda Nakivubo kutafuta kuni.

Muuzaji alikuwa na mafungu mengi. Akullo aliyainua moja baada ya jingine, kama mtu anayechagua mkungu wa ndizi. Alichukua lile lililokuwa zito kuliko yote.

"Umechagua vema, mama," muuzaji alisema upesi.

Asubuhi kuni zilifuka moshi. Povu lilitoka kwenye ncha zake. Akullo alipuliza mpaka machozi yakamtoka. Ogwal, kwa nia njema, alileta kopo la oili chafu iliyotolewa kwenye injini, akazimwagia. Moto uliruka juu, kisha ukafifia. Uji ulifika gerejini umechelewa, tena unanuka.

"Mama Ayot, uji huu umepikwa au umefanyiwa sevisi?" fundi mmoja aliuliza.

"Wewe unywe tu," mwenzake alimwambia. "Magoti yako yataacha kulia."

Mafundi walicheka. Marjan, msimamizi wa gereji, hakucheka. Alirudisha kikombe kikiwa kimejaa.

"Shemeji, watu wangu hawawezi kufanya kazi kwa njaa," alisema. "Leo ni Ijumaa. Nakungoja mpaka Jumatatu. Ukishindwa, mahali hapa nitampa mama mwingine."

Jioni Akullo alijaribu tena, akakohoa sana. Jirani yake, Kaltumi, alimsikia. Kaltumi alipika mikate myembamba ya Kinubi juu ya bamba la chuma kila siku, na moto wake haukuwa na moshi mwingi. Aliingia uani, akasimama mbali kidogo.

"Mwanangu, unapika au unafukuza mbu?"

"Ninapika, Mama. Kuni hizi zimenishinda, ingawa nilichagua zilizo nzito."

"Kwa nini nzito?"

"Ili nipate nyingi kwa bei ileile."

"Uzito huo ni maji," Kaltumi alisema. "Umenunua maji, ukayabeba kichwani kutoka Nakivubo, na sasa unataka yawake."

Akullo alicheka huku akifuta macho. Kaltumi alikwenda kwake, akaleta kuni zake mbili. Alizigonganisha. Zilitoa mlio mkali. Kisha aligonganisha mbili za Akullo. Zilitoa sauti nzito, kama godoro linalopigwa.

"Umesikia? Sasa tazama. Kuni kavu zina nyufa kwenye ncha. Maganda yake hubanduka. Ni nyepesi mkononi. Zinuse: zikitoa harufu ya utomvu, bado ni mbichi."

"Basi hizi nizitupe?"

"Kwa nini? Zipasue vipande vyembamba, maana ganda huzuia maji kutoka. Zipange juu ya matofali, zisiguse ardhi. Uache nafasi katikati, hewa ipite. Juu zifunike kwa bati, lakini ubavuni uache wazi. Utazipikia kiangazi."

"Na oili?" Ogwal aliuliza kutoka mlangoni.

"Irudi gereji, baba. Moshi wake ni sumu."

"Lakini Jumatatu nitapikia nini?" Akullo aliuliza.

"Kuni zangu. Nakukopesha mzigo mmoja, sikupi zawadi. Utanirudishia kuni, tena kavu."

Jumatatu moto uliwaka mara moja. Uji ulifika gerejini kabla ya lango kufunguliwa. Marjan alikunywa kikombe kimoja, akaomba cha pili.

"Leo sisikii oili," yule fundi alilalamika. "Magoti yangu je?"

Mahali pa Akullo palibaki kuwa pake. Tangu siku hiyo alinunua kuni kwa kuzipima mkononi na kuzigonganisha. Alijifunza pia kwamba kuni kavu zilizonyeshewa hukauka upesi, kwa kuwa zimelowa nje tu. Ogwal alimjengea uchaga juu ya mafiga, na kuni za kesho zilikaa pale zikipata joto.

Kiangazi cha Julai kilipofika, kuni zile zilizopasuliwa zilikuwa zimepauka na kupata nyufa. Akullo alizifunga mzigo, akampelekea Kaltumi.

Kaltumi hakusema asante kwanza. Aligonganisha mbili. Akachomoa ukuni mwingine, akaunusa, akauweka kando.

"Huu bado."

"Nilijua utapata mmoja, Mama," Akullo alisema. Akatoa ukuni wa ziada aliokuwa ameubana kwapani.

Kaltumi aliusukuma chini ya bamba la mikate. Ukawaka.

"Haya," alisema. "Huna deni langu. Keti, ule mkate."