Nusu Mbili za Nambari Kumi na Saba

Kikokotoo kilikuwa kimewaka tena. Jana yake jioni Bi Nukta alikizima kwa kidole chake mwenyewe, akakifunika kitambaa, akafunga ofisi na kuondoka na ufunguo. Asubuhi hii kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri pembeni, na kwenye kioo kulisomeka 69.5.

Jina la Bi Nukta alipewa na wenzake kwa ukali wake juu ya desimali. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akikokotoa madaraja ya mwisho ya shahada ya uzamili, na maprofesa walimjua kwa ubishi. Kanuni ilikuwa nyepesi: wastani wa masomo ya darasani ni nusu ya hesabu, tasnifu ni nusu nyingine, na desimali hazikatwi mpaka jibu la mwisho lipatikane. Kuanzia sabini ni Daraja la Juu. Kuanzia sitini ni Daraja la Kati.

"Betri hizo," alisema Mzee wa Faili, aliyekaa naye chumba kimoja. Lakini alisema kwa kunong'ona, na kikokotoo chenyewe hakukigusa.

Siku ya pili ikaja harufu, ya dawa ya wodini na shuka lililolowa jasho la homa. Siku ya tatu, saa nne kamili, mtu alibisha mara mbili kwenye dirisha la matokeo. Bi Nukta alifungua, hakuona mtu, akafunga. Ikabishwa tena, na safari hii hakufungua, alibaki ameshika komeo huku harufu ikipanda kutoka chini ya meza na kumwingia kooni, na Mzee wa Faili akiwa ameganda na faili mkononi, mpaka sauti ya msichana ikapenya, karibu kabisa, kama vile kioo hakipo.

"Shangazi, nusu zangu mbili umeziweka wapi?"

Bi Nukta alikaa chini. Sauti aliijua.

Miezi mitatu nyuma binti huyo, nambari kumi na saba kwenye orodha, alisimama dirishani hapo hapo. Kazi ya kufundisha aliyoahidiwa ilitaka Daraja la Juu, naye alipewa la Kati. "Shangazi, naomba unihesabie tena," alisema. Bi Nukta hakuinua hata uso. "Mwanangu, mimi ndiye Bi Nukta. Sikosei." Binti akashukuru, akaenda zake. Wiki ya tatu homa ikamlaza, na hakuamka.

"Fungua karatasi yake," alisema Mzee wa Faili.

"Naogopa."

"Na mimi naogopa. Fungua."

Darasani: sitini na saba na nusu. Tasnifu: sabini na mbili na nusu. Ukijumlisha na kugawa kwa mbili unapata sabini kamili, bila chembe kupungua. Lakini siku ya kutoa matokeo kamati ya mitihani ilitaka orodha kabla ya saa sita, na Bi Nukta, kwa haraka, alikata zile nusu mwanzoni. Sitini na saba, sabini na mbili. Ikatoka 69.5, akaikata nayo, akaandika 69. Kosa ambalo karani mgeni angelifokewa, amelifanya yeye. Alilia mpaka kamasi zikamtoka, mtu mzima, mbele ya mwenzake.

Jioni alikwenda kwa mama yake mdogo, ambaye kazi yake ilikuwa kutibu watu waliosumbuliwa na majini. Mama mdogo alimsikiliza, kisha akafunga mkoba wake wa dawa.

"Huyu si wa kufukuzwa, mwanangu. Kakuuliza swali. Nenda ukamjibu."

Kesho yake alikiri mbele ya msajili, akijua kazi inaweza kuota mbawa. Msajili alivua miwani. "Marehemu daraja la nini tena, Bi Nukta?"

"Mama yake yupo."

Msajili alitia saini bila kumtazama.

Mama wa binti alipokea cheti kipya mlangoni. Alipitisha kidole juu ya jina la mwanawe, polepole, herufi kwa herufi. "Aliniambia, 'Mama, nimejikagua, sijaona nilipokosea,'" alisema. "Nikamwambia, 'Wakubwa hawawezi kukosea, nyamaza.' Nilimnyamazisha, dada yangu." Bi Nukta alikuja na maneno ya kuomba radhi, yakamwishia yote. Walishikana mikono wakalia pamoja.

Wiki nzima ofisi ilitulia. Harufu iliondoka, na Mzee wa Faili akaanza tena kupiga mluzi.

Jumatatu Bi Nukta alifungua mlango, akakuta kitambaa kimekunjwa pembeni. Kwenye kioo kulikuwa na 59.5. Harufu ilikuwa nyingine, ya udongo mbichi.

Akatoa ile orodha ya siku ya haraka, ambayo tangu arekebishe mstari wa kumi na saba hakuthubutu kuitazama tena. Ilikuwa na majina arobaini na moja, na alama zao zote alizikata kwa mkono ule ule. Dirishani pakabishwa mara mbili. Alivuta kiti, akaanza na jina la kwanza, bila kujua ni nani kati yao bado yu hai.