Kasuku Si Kuku

Pakiti ya mbegu za alizeti ilikuwa imebaki moja tu katika duka la pembejeo mjini Embu, na mikono miwili ikaishika kwa pamoja.

"Niachie, kaka. Kasuku wangu hajala tangu jana," alisema Nelius, karani wa afisi ya ardhi, sketi yake ya kijani imepigwa pasi ikanyooka.

"Na wangu kule Kiirua, Meru, ale nini, mawe?" alijibu Thuranira, fundi wa vitanda, vumbi la mbao bado limemkaa kwenye nyusi.

"Wewe? Una kasuku?"

"Tena ana kibali cha serikali. Mimi ndiye sina."

Nelius alicheka, na kicheko hicho kilimmaliza Thuranira. Waligawana mbegu pale pale kaunta, wakapeana nambari. Kila jioni ikawa simu: mpenzi umekula, mpenzi kunanyesha huko? Nyuma yao, Shangazi, kasuku wa Nelius, akipiga kelele "Karibu chai!" na Chifu, kasuku wa Thuranira, akipiga mluzi.

Baada ya miezi saba, Nelius akapata uhamisho kwenda Meru.

"Usitafute nyumba, kipenzi," Thuranira alimwambia. "Hamia kwangu."

"Hivi hivi? Bila wazee kufika kwetu?"

"Wazee watafika baadaye. Tuanze tu kuishi, mamangu atakuzoea."

Nelius alinyamaza. Kisha akasema atamtanguliza Shangazi, aone atakavyopokewa. Thuranira alidhani amekubali. Maskini! Mwanamke akinyamaza hivyo, heri akutukane.

Shangazi alipofika Kiirua, Chifu alitutumua manyoya na kugonga nyaya kwa mdomo. Thuranira hakujali. Si alimwona mamake, Celina, akifuga kuku maisha yake yote? Kuku mgeni huingizwa bandani giza likiingia, na kukicha wenyeji humkuta wakadhani walilala naye siku zote. Basi alizima taa, akamtia Shangazi kizimbani mwa Chifu, akaenda kulala moyo umetulia.

Alfajiri aliamshwa na mayowe. Shangazi alikuwa amejibana pembeni, kidole cha mguu kinavuja damu.

Nelius alipopigiwa simu, alifika kabla ya saa sita. Alimfunga ndege wake kwa leso.

"Kwa nini uliwafungia pamoja?"

"Nilidhani watazoeana. Kuku..."

"Kasuku si kuku, Thuranira!" Macho yalimjaa machozi. "Na mimi ndivyo ulivyotaka kuniingiza? Gizani, watu waamke wanikute ndani?"

Thuranira alitazama kizimba. Kwa kweli ndivyo alivyotaka.

"Usinipigie tena!" alipaza sauti Nelius, akaondoka.

Wiki hiyo Thuranira hakumaliza hata kitanda kimoja. Alimwendea daktari wa mifugo, mama mmoja mkali, akakemewa ipasavyo. Kasuku wana wivu, aliambiwa. Kila mmoja na kizimba chake na bakuli lake. Kwanza wasikiane tu, kila mmoja chumbani kwake. Kisha waonane kwa mbali. Usogeze kidogo kidogo, na mmoja akitutumua manyoya, urudi nyuma. Kizimba kimoja, kamwe.

Thuranira alirudi akatengeneza kizimba cha pili, akakiweka tupu katika chumba cha pili. Alipokiangalia, moyo ulimuuma. Akaandika: *Sijapiga. Nimeandika tu. Kidole kimepona?*

Jibu lilikuja siku ya tatu. *Kimepona. Lakini haongei.*

*Nikipiga, acha asikilizane na Chifu. Mimi nitanyamaza.*

Nelius aliweka simu kando ya Shangazi. Chifu akapiga mluzi. Kimya. Ghafla, kwa sauti ya Nelius mwenyewe, Chifu akapayuka: "Usinipigie tena!"

Wee! Nelius alicheka mpaka akaketi sakafuni. Na Shangazi, aliyekuwa bubu wiki nzima, akajibu: "Karibu chai!"

"Umemfundisha Chifu matusi," Nelius alisema.

"Mwalimu ni wewe."

Simu zikarudi. Nelius alihamia Meru, akapanga chumba chake mwenyewe mjini, na hakuna aliyethubutu kumwambia neno. Kila Jumapili alimpeleka Shangazi Kiirua, vizimba viwili vikasogezwa hatua moja, au vikarudishwa nyuma mbili. Jioni aliondoka na ndege wake. Hata ndege wale walipokaa ubavu kwa ubavu, manyoya yao yametulia, bado aliondoka.

"Nelius," Thuranira alisema siku moja akimsindikiza barabarani, "nataka nije kwenu."

"Uje na nani?"

"Na mamangu, na wazee watatu. Mchana."

Nelius alitazama pembeni. "Njoo," alisema.

Walifika Embu Jumamosi, saa sita kamili, jua la utosi, majirani wote wakitazama. Celina alikuwa amejifunga kitambaa kipya cha buluu, na Thuranira amevaa koti lililombana mabega. Mzee Runji, babake Nelius, aliwakalisha, akawauliza wametafuta nini kwake.

Aliyepaswa kujibu ni msemaji wao, Mzee Mithika. Lakini Thuranira hakuweza kungoja.

"Mzee, kwetu kuku mgeni huingizwa usiku," alisema. "Ndiyo maana mimi nimekuja mchana."

Wazee walitazamana. Celina alimfinya mwanawe: kuku wametoka wapi tena? Hakuna aliyeelewa, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama mlangoni pa jikoni na birika mkononi.

Nelius alifuta macho kwa upindo wa leso, akatoka mbele ya watu wote.

"Karibuni chai," alisema, akaanza kumimina kwa Celina.