Shati Jeupe Lisilo na Kichwa

Kilichopaswa kumshtua Mkasi mapema ni ile shingo. Kichwa cha mtu hakikai juu ya kiwiliwili cha mwingine hivihivi. Lazima upunguze, ufananishe rangi, ulainishe kingo. Hiki kilikaa papo hapo, kama kifuniko juu ya sufuria yake.

Wateja walimbandika jina la Mkasi kwa sababu alikata picha kwa kidole kwenye simu, unywele kwa unywele. Waliotengana akawakutanisha, waliokufa akawavalisha suti. Alifanyia kazi katika chumba cha mbele nyumbani kwao, na safari hii mteja alikuwa mama yake mzazi.

"Mwanangu, mimi na marehemu baba yako hatukuwahi kupiga picha pamoja hata moja. Tukutanishe basi."

Baba aliacha picha moja tu, ya kitambulisho, uso na mabega. Mkasi akahitaji kiwiliwili. Akakikuta humo humo simuni: mwanamume wa shati jeupe, kichwa kimeachwa nje ya picha. Hakukumbuka kuipiga. "Ah, itakuwa ya mteja," akajisemea, na mvivu hakosi sababu. Kisha, ili wazee watazamane, akaugeuza uso wa baba, kushoto kukawa kulia. Kovu la shavu la kushoto likahamia la kulia. Mama alipoletewa alicheka mpaka pengo lake la upande wa kushoto likaonekana, halafu akalia.

Siku ya tatu, mchana kweupe, nyumba ikaanza kunuka udongo mbichi. Mkasi akasikia mnong'ono chumbani kwa mama.

"Mama, unaongea na nani?"

"Shh! Baba yako ndiyo kwanza amejilaza."

Mkasi akachungulia. Kitandani palilala shati jeupe, na juu yake uso wa baba, kovu likiwa shavu la kulia. Lahaula! Mchuma janga hula na wa kwao, na huyu wa kwao alikuwa mmoja tu duniani.

Kufika jioni sauti ya mama ilikuwa ikitoka mbali, kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Mkasi akamkimbilia mganga wa mtaa wa nyuma, bibi mmoja mkali asiye na subira, akaja naye. Bibi aliishia kizingitini.

"Lilikuwa halina uso, wewe ukalipa. Sasa linataka na mwenzi. Ifute hiyo picha, mpaka kwenye kapu la takataka la simu. Lakini kwanza mkate mama yako, umtoe humo, la sivyo utawafuta wote wawili. Na umtazame vizuri kama ni yeye."

"Jamani, bibi! Mama yangu nimkosee?"

"Haya. Nimesema."

Mama akatolewa chumbani, mlango ukafungwa, akaegemezwa ukutani, macho kayafumba, na Mkasi akaanza kumkata pichani, kidole kikipita sikioni, kikishuka begani, kikifuata ukingo wa kitambaa cha kichwa, huku mlango wa chumbani ukigongwa kutoka ndani, kwanza kwa kucha, kisha kwa viganja, na harufu ya udongo ikimjaa puani hadi akaionja ulimini, na kwenye picha mdomo wa yule mwanamume ukifunguka kidogo kidogo, ukapanuka kama wa mtu anayetaka kuita, na Mkasi aliyekuwa ameapa kutomtazama akamtazama mara moja tu, akaona meno, akaona pengo, akarudisha macho haraka kazini, mpaka kidole kikafika pale kilipoanzia na mama akatoka mzima.

Akaifuta picha. Akalimwaga kapu. Mlango ukanyamaza, harufu ikakatika.

Mama akafumbua macho. "Nina njaa, mwanangu."

Mkasi akamrukia akamkumbatia, machozi yanamtiririka. "Umenitisha, mama! Nilidhani nimekupoteza."

"Unipoteze wapi?" Mama akacheka sana, mdomo wazi. Pengo lilikuwa upande wa kulia.

Mkasi akamwachia. Marehemu baba alizikwa na meno yake yote. Na lile pengo aliloliona kinywani mwa yule mwanamume, sasa alilikumbuka vizuri, lilikuwa la kushoto, kama la mama siku zote.

Akageuka kumtafuta bibi. Bibi alikuwa keshafika barabarani, anakimbia, kiatu kimoja mkononi.

"Njoo ule, mwanangu," sauti ikaita nyuma yake, karibu sana.

Akaishika simu, akafungua kapu la takataka. Lilikuwa tupu. Alilimwaga mwenyewe, kwa kidole kilekile.