Kwa Nini Anageuka

Kazi ya jioni ile ilikuwa ndogo tu: kurudisha vitabu rafuni, kufunga madirisha, kisha kumpelekea mkutubi ufunguo nyumbani kwake, jirani tu na maktaba. Jua lilikuwa linazama na wenzao wote wa chama cha wasomaji walishatoka mbio. Walibaki wasichana wawili, Nyundo na Machozi, na walikuwa wamenuniana.

Majina hayo waliyapata chamani. Nyundo alikuwa hodari wa kuponda vitabu. Machozi, mtoto wa mama mdogo wa Nyundo, alilia kwa kila kitabu, hata kile ambacho anayekufa ni paka. Waliishi nyumba moja, walilala chumba kimoja, na sare zao zilishonwa na mama mdogo mwenyewe, fundi cherehani aliyewashonea nusu ya wasichana wa shule yao.

Ugomvi ulianzia kwenye maoni. Mkutubi alikuwa na utaratibu wake: kabla ya kuagiza vitabu vipya vya vijana, wanachama wakae duara, kila mmoja aseme kwa mdomo wake amekionaje kitabu alichosoma. Nyundo alikuwa amesema mpaka mate yakamkauka. Jamani, tumechoka. Tumechoka na msichana mwenye alama begani asiyejua kuwa yeye ndiye mteule mpaka jini mwenye sura nzuri aje kumwambia. Tumechoka na huyo jini mwenye sura nzuri. Mkutubi alikuwa akimsikiliza, akiitikia kwa kichwa, halafu linakuja boksi jipya la vitabu vile vile, msichana yule yule kwenye jalada na mwezi ule ule nyuma yake. Inakera. Unaombwa maoni, unayatoa, yanakwenda na maji.

Mchana wa siku hiyo alikuwa amekiponda kitabu ambacho Machozi alikisoma na kukirudia mpaka kurasa zikaanza kuchomoka.

"Vyote ni hivyo hivyo," Nyundo alisema. "Msichana anatembea gizani, sauti inamwita nyuma, naye anageuka! Kwa nini anageuka? Ana haraka ya kufa? Kila mtu anajua sauti ya nyuma si ya mtu. Mwandishi akiniweka mimi humo, kitabu kinaisha ukurasa wa kwanza. Sigeuki. Naenda zangu nyumbani, nakula, nalala."

Duara lote lilicheka mpaka mkutubi akagonga meza. Machozi hakucheka.

"Labda anageuka kwa sababu anampenda anayemwita," alisema, na sauti ikamkatika.

"Ndivyo wanavyokufa hivyo," Nyundo alimjibu, na watu wakacheka tena.

Basi sasa walikuwa wakipanga vitabu bila kusemezana. Machozi alivichomeka kwa nguvu, kila kimoja kama anakifungia mlango. Nyundo alijua amekosea, lakini hakuwa tayari kusema hivyo, maana kitabu chenyewe kilikuwa kibaya kweli. Nje watoto waliokuwa wakicheza mpira walishanyamaza. Taa ya ndani ilitoa mwanga hafifu wa njano.

"Hodi."

"Karibu," Nyundo alijibu bila kuinua kichwa. Neno hilo nani huwa analifikiria kabla ya kulisema?

Pale mlangoni kulikuwa na kigae kilicholegea. Yeyote aliyekikanyaga, kiligonga: tak. Hata mkutubi, mwembamba vile, kilimgongea.

Safari hii hakikugonga.

Nyundo alipoinua kichwa, msichana alikuwa tayari amesimama katikati ya chumba. Alivaa sare ya shule yao. Alikumbatia kitabu kifuani. Sura yake haikuwa ngeni wala haikuwa ya mtu anayemjua, ilikuwa kama ya mtu uliyewahi kupanga naye foleni mahali. Na kulikuwa na harufu… harufu ya nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka.

"Nimechelewa?" mgeni aliuliza. "Nimekuja kutoa maoni."

"Chama kimeshamalizika," Machozi alisema. "Njoo wiki ijayo."

"Maoni yangu ni mafupi." Alikaa kwenye kiti kimojawapo cha duara, akafungua kitabu chake, akaanza kupindua kurasa polepole bila kuzitazama. "Nimevisoma vyote vya rafu ile. Vinanikera."

Nyundo aliweka chini vitabu alivyobeba, akavuta kiti. Moyo ulimpiga kwa furaha, na tusimlaumu. Muda wote huo alikuwa peke yake dhidi ya duara zima, leo Mungu kamletea mwenzake.

"Endelea," alisema.

"Wanaandika kwamba tuna kwato. Kwato! Nani aliziona?"

"Wana kwato," Nyundo alimsahihisha huku akicheka.

Mgeni alimtazama kitambo.

"Ndiyo," alisema. "Wana."

Machozi aliacha kupanga vitabu.

"Tena wanaandika tunalia usiku kwenye miti," mgeni aliendelea, na safari hii Nyundo hakumsahihisha. "Na mtu akichukuliwa, lazima kuwe na kishindo. Upepo unavunja madirisha, mtu anaburutwa. Nguvu zote hizo za nini? Mtu huombwa tu kitu kidogo. Kitu ambacho ni aibu kukikataa."

"Kama nini?" Machozi aliuliza.

Mgeni alifunga kitabu chake.

"Nisindikizeni kidogo," alisema. "Giza limeanza kuingia."

Nyundo alikuwa bado na tabasamu usoni, lakini lilikuwa limeganda. Kitabu kilikuwa kimefungwa. Kilikuwa kimelala juu ya mapaja ya mgeni, mikono yake yote miwili juu yake.

Na sauti ya kurasa ilikuwa inaendelea.

Frr… frr… frr.

"Hatuwezi," Nyundo alisema haraka. "Tuna ufunguo wa watu."

"Mpaka barabarani tu."

Machozi alichukua mkoba wake. Nyundo alimvuta pembeni ya rafu.

"Usiende," alinong'ona.

"Kwa nini?"

"Kigae hakikugonga alipoingia. Na hizo kurasa… husikii?"

Machozi alimtazama mwenzake kwa hasira iliyokuwa imelimbikwa tangu mchana. "Leo ndiyo umeanza kuamini? Si umenicheka mbele za watu kwa mambo haya haya?"

"Nakuomba. Nisikilize."

"Msichana wa watu anaogopa giza, wewe unamkosoa kama kitabu. Umezidi, dada."

Hakuna kitu kinachouma kama kusema kweli kwa mtu uliyemzoesha kejeli. Nyundo alitafuta neno la kumzuia, akakuta maneno yote alishayatumia kwa kuchekesha watu. Machozi alimpita, akamwambia mgeni, "Twende," wakatoka.

Tak.

Walitoka watu wawili. Kigae kiligonga mara moja.

Nyundo alibaki amesimama. Kwanza alikasirika. Mwache aende, mjeuri huyo! Halafu akatoka mbio akaacha mlango wazi na taa inawaka.

Njia ya kutokea barabarani ilipita kati ya ukuta wa maktaba na uzio wa michongoma. Giza lilikuwa limeingia haraka mno. Ile harufu ya nguo mbichi ilikuwa imejaa njia nzima. Mbele aliwaona wakitembea bega kwa bega, migongo miwili, urefu mmoja, sketi zenye marinda ya mkono wa mama mdogo, vichwa vimeinama, vitu vimekumbatiwa kifuani.

Yupi ni yupi?

Alikuwa amelala ubavuni mwa Machozi tangu utotoni. Alijua anavyokoroma, anavyotafuna, anavyodanganya. Na sasa, kwa nyuma, hakumjua. Alitamani kujipiga makofi. Alitaka kuita, akaogopa. Je, wakigeuka wote wawili?

Hapakuwa na muda. Waliikaribia barabara, na taa za barabarani upande huo zilikuwa zimezimika zote. Nyundo alichomoka, akadaka mkono wa aliyekuwa karibu.

Mkono ulimshika. Ulimng'ang'ania.

"Kimbia!" alisema, wakageuza, wakakimbia kurudi walikotoka, wakaupita mlango wa maktaba uliokuwa wazi, wakaingia kwenye uchochoro wa kwenda nyumbani. Mkoba wa mwenzake ulimgonga Nyundo mbavuni. Mwenzake alihema kando yake. Ilikuwa heri. Alikuwa amempata.

"Dada!"

Ilitoka nyuma.

"Dada, mimi huku! Dada!"

Sauti ya Machozi. Na kile kilio chake cha kwikwi, kile ambacho Nyundo aliwahi kukiigiza mbele ya darasa mpaka watu wakashika matumbo.

"Dada, umekosea! Usiniache naye!"

Shingo ya Nyundo ilitaka kugeuka yenyewe. Aliisikia ikivutwa.

"Usigeuke," alisema yule aliyemshika mkono, akihema. "Si unajua? Si mtu huyo."

Bila shaka alijua. Nani angejua kama si yeye? Alikuwa amelisema jambo hilo mchana kweupe, mbele ya mashahidi, kwa sauti ya juu. Alikaza macho mbele. Sauti iliwafuata mpaka kwenye kona. Iliita, ikasihi, ikawa kilio tu…

Kisha kimya.

Nyumbani mama mdogo alikuwa kwenye cherehani chini ya taa, akipindisha ukosi wa shati. Aliwapigia kelele kwa kuchelewa. Nyundo hakumsikia, alikuwa akimgeuza mwenzake kwenye mwanga. Kovu la kidevuni lilikuwepo. Jino lililopanda lilikuwepo. Alikuwa Machozi. Nyundo alimkumbatia, akalia mpaka kamasi zikamtoka.

"Kulikoni leo?" mama mdogo aliuliza. "Mmebadilishana majina?"

Machozi alicheka. Macho yake yalikuwa makavu.

Kesho yake mkutubi aliwaka moto, taa imewaka usiku kucha, mlango wazi, ufunguo haujulikani uliko. Nyundo alimweleza yote. Alitegemea kuchekwa. Mkutubi hakucheka.

"Alitoa maoni?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Mkamsikiliza?"

"Ndiyo. Ni nani yule?"

Mkutubi alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Basi," alisema. Tangu siku ile chama kilikutana asubuhi tu, siku za mapumziko, na ukimuuliza sababu anakwambia ni mambo ya umeme.

Nyundo alibaki na maswali yake. Alimjaribu Machozi kwa kila alichoweza. Nani alivunja kioo cha bafuni? Tulimzika wapi yule kifaranga? Siri gani uliniambia siku ile tuna homa wote? Machozi alijibu yote bila kusita, mengine kwa undani ambao Nyundo mwenyewe alikuwa ameusahau. Basi akatulia kidogo. Akarudi kulala usingizi.

Lakini Machozi alikuwa amekuwa msichana mwema. Aliamka mapema, alifagia kabla hajaambiwa, hakununa, hakubisha. Alipelekewa kitabu kipya cha msiba na mahaba, akakimaliza, akakirudisha bila neno. Mama mdogo alifurahi mno, na ilikuwa inamtia Nyundo wazimu kumwona anavyofurahi. Siku moja alishindwa kuvumilia, akamwambia.

"Mama mdogo, mtazame vizuri mwanao."

"Namtazama. Amekua." Mama mdogo alikata uzi kwa meno. "Wewe ndiye unayenitia wasiwasi. Hivyo vitabu vyako vya majini nitamwambia mkutubi asikuazime tena."

"Mimi ndiye nilikuwa nasema si vya kweli!"

"Sasa kelele za nini?"

Nyundo alitoka nje, akalia kwa hasira nyuma ya nyumba, peke yake.

Jumapili alasiri Machozi alikuwa chumbani akipiga pasi sare za wiki. Dirisha lilikuwa wazi, jua limejaa chumbani, redio ya jirani inaimba. Hapakuwa na kitu cha kuogopa popote. Nyundo alikaa kitandani akimwangalia, na swali ambalo hakuwahi kuthubutu kuliuliza likamtoka.

"Jioni ile… uliisikia sauti iliyokuwa inaita nyuma yetu?"

"Niliisikia."

"Ilikuwa ya nani?"

Machozi aliigeuza sketi yake, akailainisha kwa kiganja, akaweka pasi juu yake.

"Yangu," alisema.

Aliipiga pasi ile sketi mpaka marinda yakasimama, akaitundika, kisha akanyoosha mkono kuomba ya Nyundo, kitu kidogo tu.