Nyuma ya Taa ya Kushoto

Maiti ya Moffat Wamae, mfanyabiashara wa viazi, ilikuwa imelala kifudifudi katikati ya barabara ya Mweiga. Pikapu yake mwenyewe, Pijo 404 nyeupe, ilisimama hatua nne mbele, imezimwa vizuri na breki ya mkono imevutwa. Aliyemgonga Moffat hakukimbia kama wanavyokimbia wagongaji. Aliegesha kwanza.

Tena si kuegesha tu. Alitoa taa ya mbele ya kushoto, akailaza juu ya boneti kwenye kitambaa safi, na skrubu zake nne akazipanga ndani ya kifuniko cha kopo la rangi ya viatu, zote zimepakwa grisi. Pale pa taa palibaki tundu jeusi.

Inspekta Theuri aliinama akachungulia tundu. Grisi imejaa humo ndani. Akautazama mkono wa koti lake jipya, akaona hakuna haja ya kuuchafua.

Koti lenyewe lilikuwa na habari yake. Alilishonesha kwa sababu mwezi ule, Septemba ya mwaka 1977, alikuwa akingoja nyota ya tatu begani, na mtu anayengoja nyota ya tatu hachezi na grisi. Anayetaka kucheka acheke. Miaka kumi na tisa ya upolisi si mchezo.

"Afande," akasema Konstebo Murugi, binti aliyekuwa akipima alama za matairi kwa utepe, "si hapa ndipo yule mama wa maziwa aligongwa? Ile mwaka ya sabini na nne?"

"Barabara hii ina ajali nyingi."

"Ni hapa hapa kwa kona. Nilikuwa bado shule. Nilipita nikaona maziwa imemwagika mpaka ng'ambo."

"Pima matairi, Murugi."

Murugi akapima. Lakini Theuri alijua, tena vizuri sana. Faili ya yule mama ilikuwa yake. Aliifungua, akaibeba siku kumi na moja, akaifunga kwa maneno mawili: gari halikupatikana. Kama kifo cha leo kilikuwa na uzi unaofika kwenye kile cha zamani, mtu wa kwanza kuulizwa maswali angekuwa yeye, na ile nyota angeiona kwenye mabega ya wenzake. Akaomba kimoyomoyo uwe wizi wa kawaida.

Na wizi ulikuwepo. Tangu Februari, pikapu saba zilikuwa zimeibwa kuuzunguka mlima, kuanzia Karatina mpaka Naro Moru, na zote ni 404. Ya Moffat ndiyo ya saba. Ilichukuliwa sokoni Mweiga siku ya Jumamosi, na leo ilikuwa Jumatano. Zile sita za kwanza zilikuwa zimerudi. Mwenyewe anaamka siku ya pili au ya tatu anaikuta kando ya barabara, nzima kabisa, hata ufunguo wa magurudumu uko pale pale chini ya kiti.

Mchana ule Theuri alikwenda Naro Moru kwa mkulima mmoja aitwaye Kingori, aliyeibiwa mwezi wa sita.

"Walichukua nini?"

"Hakuna."

"Betri?"

"Iko."

"Jeki?"

"Iko. Hata blanketi yangu nilipata imekunjwa."

"Na taa?"

Kingori akajikuna kichwa. "Sasa hapo, Inspekta, niko na aibu kusema. Taa yangu ya kushoto ilikuwa imepinda, inaangalia juu ati kama inatafuta ndege. Ilirudi imenyooka. Mimi nilitaka kumshukuru huyo mwizi, sema tu sikujua anakaa wapi."

Theuri akaomba bisibisi. Skrubu ya kwanza ilizunguka laini, ikatoka na utando wa grisi, sawa na zile za kwenye kifuniko.

"Gari hii imewahi kupakwa rangi nyingine?"

"Hapana. Ilitoka kwa duka ikiwa kijani, na itakufa kijani."

Nyuma ya taa pia palikuwa kijani. Theuri alitikisa kichwa. Mwizi gani huyu anayeiba gari aende kulitengeneza?

Mjini Nyeri hakuna aliyezijua Pijo kumshinda Mzee Abdulkadir, muuza spea. Alikuwa amekaa nyuma ya meza yake katikati ya bampa na mabomba ya moshi, anakunywa chai ya rangi.

"Mzee, hebu nieleze. Kwa nini wezi wanaipenda 404?"

"Kwa sababu kila mtu anaipenda." Abdulkadir aliweka kikombe chini. "Gari la bwana mkubwa likiibwa, mpaka Isiolo watu wanalijua. Lakini Pijo ya viazi nani anaigeukia? Zimejaa kila njia, zote zina matope, zote zina turubai. Inabeba mzigo wa punda kumi na tope haliisumbui. Na spea zake zinaingiliana. Leo mlango uko Nyeri, kesho uko Mwea umepanda gari jingine, unabeba mpunga, na wewe Inspekta unaupita unausalimia. Mwizi hatafuti gari zuri, bwana. Anatafuta gari ambalo kesho halina mwenyewe."

"Huyu wangu hauzi. Anarudisha."

"Basi huyo wako si mwizi. Anatafuta kitu."

Theuri akafungua bahasha, akazimwaga zile skrubu nne mezani. Mzee alichukua moja, akaisugua kwa kidole gumba, akainusa.

"Grisi na nta ya nyuki," akasema. "Ili isiyeyuke kwa joto la taa. Mafundi wa siku hizi wanakaza kavu, ikishika kutu wanavunja. Anayechanganya hivi namjua mmoja tu. Ngatia, fundi wa bodi, kule kule Naro Moru. Hawezi kurudisha skrubu kavu hata ukimshikia bunduki." Akairudisha skrubu mezani. "Lakini ni mtu mzuri, Inspekta. Alifiwa na mke ajalini, akabadilika."

"Mke wake aliitwa nani?"

"Waithira. Alikuwa akipeleka maziwa."

Theuri alizirudisha zile skrubu kwenye bahasha moja moja. Mtu mwingine angesema hapo asante, aende zake, aandike ripoti kuhusu majambazi kutoka mbali. Na usidhani hakuliwaza. Lakini Murugi, aliyesimama nyuma yake, alikuwa ameshaliandika jina la Ngatia kwenye daftari, kwa kalamu ya wino.

Walimkuta Ngatia gerejini kwake, anasugua mlango wa gari kwa msasa. Mtu mrefu, mkavu, mikono imejaa vumbi la puti.

"Ngatia, unajua tumefuata nini?"

"Najua. Wacha nimalize hii upande. Nikiacha hapa itafanya alama."

Wakamngoja. Akamaliza, akanawa mikono, akanyoosha mikono ifungwe.

Kituoni hakutaka kuzungushwa.

"Pikapu saba ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Rangi." Alimtazama Theuri usoni. "Mkebe ya maziwa ya Waithira ilibaki na rangi ya kijivu, hapa kwa shingo. Na kando yake kipande cha glasi. Hiyo glasi niliijua, ni taa ya 404. Nilikuletea hapa hapa. Unakumbuka uliniambia nini?"

Theuri alikung'uta mkono wa koti lake.

"Uliniambia 404 ziko mia tatu huku mlimani, ati nirudi nyumbani nizike."

"Endelea na maelezo yako."

"Mtu akiua na gari ya kijivu hawezi kuiendesha hivyo. Ataipaka. Lakini fundi anapaka ile inaonekana. Nyuma ya taa hakuna mtu hupaka. Sasa ningefanya aje? Nisimame sokoni nianze kufungua taa ya mtu, nimwambie nini? Kwa hivyo kila 404 niliona taa imepinda ama rangi imerudiwa, nilichukua, nikafungua, nikaangalia. Kama si hiyo, nilirudisha."

"Na ya Moffat?"

"Nje nyeupe. Nyuma ya taa kijivu. Na bodi imegongwagongwa kutoka ndani, kazi ya haraka, kazi mbaya." Alisema maneno ya mwisho kwa chuki, kama kwamba hata hilo lilikuwa kosa la kulipiwa.

"Ukamwita."

"Nilimtumia habari gari yake imeonekana kwa kona. Alikuja asubuhi kwa miguu, amefurahi. Nilimuuliza juu ya mama wa maziwa. Akasema ati ni nyati aligonga. Nilimuuliza tena. Akafungua mlango ya gari, akatoa karatasi kwa kisanduku ya mbele, akanionyesha. Akasema, 'Hiyo mambo polisi walimaliza.'" Ngatia akalirudia neno. "Walimaliza. Nilikuwa nimemngoja miaka tatu aseme pole. Nikashika hiyo karatasi, nikaingia kwa gari."

"Ulikusudia kumuua?"

"Nilirudi nyuma, nikabadilisha gia, nikaja. Andika hivyo."

Murugi akaandika.

"Unajuta?"

"Najuta ilikuwa haraka. Waithira alilala hapo mpaka saa sita mchana, akiniita. Huyu hakuita hata mara moja."

Ngatia ndiye aliyeuliza sasa.

"Uliangalia nyuma ya taa?"

"Niliangalia."

"Na macho tu. Mimi niliiacha wazi ndio uingize mkono." Aliegemea kiti. "Wewe pia nilikufikiria, Inspekta. Najua unapoishi. Lakini niliona kufa ni kitu rahisi sana kukupatia. Mimi nataka usome."

Theuri aliagiza Ngatia apelekwe mahabusu, akatoka uani peke yake. Pikapu nyeupe ilikuwa imeegeshwa karibu na ukuta, chini ya dirisha la mahabusu. Akaingiza mkono tunduni, na safari hii koti likazama grisini mpaka kiwiko. Vidole vyake vikakuta plastiki iliyokunjwa.

Ndani yake ilikuwa karatasi ya polisi ya kupelekea bima, ya tarehe kumi na moja Juni 1974, siku mbili baada ya Waithira kufa. Moffat Wamae ametoa taarifa kwamba pikapu yake ya kijivu imegongana na nyati karibu na Mweiga. Chini yake, kwa mwandiko ambao Theuri aliujua kuliko uso wake mwenyewe: *Nimelikagua gari.*

Hakulikagua. Sasa alikumbuka kila kitu. Mvua ilikuwa ikinyesha, alikuwa na kikombe cha chai mkononi, na Moffat amesimama mlangoni, mpole kama mwanakwaya. Lile gari lilikuwa hapa hapa uani. Hatua ishirini. Damu labda ilikuwa bado kwenye bampa, na yeye hakutaka kulowa.

Mfukoni alikuwa na kiberiti. Alikishika, akakigeuza.

"Afande." Murugi alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake. "Kuna kitu ndani?"

Neno moja tu lingetosha. Hakuna. Na yule binti angelikubali, kwa kuwa alimheshimu. Theuri aliinua macho, akauona uso wa Ngatia kwenye nondo za dirisha. Hakuwa akitabasamu. Alikuwa akingoja tu, kama alivyongoja miaka mitatu.

Theuri akarudisha kiberiti mfukoni.

"Andika," akasema. "Kielelezo cha tano. Karatasi ya polisi."

"Imetiwa sahihi na nani, afande?"

"Kwa sauti, Inspekta," akasema Ngatia kutoka juu. "Waithira pia aliita kwa sauti."

Basi Theuri akaisoma pale uani, kuanzia tarehe mpaka mhuri, mkono mmoja mweusi kwa grisi. Makonstebo wakatoka nje kusikiliza. Alipofika kwenye jina lake alilitaja lote, polepole, Murugi apate kuliandika bila kukosea.