Pembe ya Baba Mkubwa Waithaka

Kila Jumamosi asubuhi Gathoni alipanga foleni ya maji kule Kawangware, debe mkononi. Na kila Jumamosi Murunga, mwenzake wa darasa la sita, alikuwepo kumchokoza.

"Baba yako anakuja leo? Na jioni atarudishwa zizini kama mbuzi?"

"Nyamaza! Si zizi. Ni nyumba ya wagonjwa."

"Mgonjwa gani anapiga randa mchana kutwa?"

Watu wakacheka. Gathoni akajitwika debe na kwenda zake, akimchukia baba yake kila hatua.

Nderitu, baba yake, alikuwa seremala. Chang'aa, pombe kali iliyopikwa kule Gatwekera, ilimharibu hata mikono ikashindwa kushika msumari. Kwanza alilazwa hospitalini. Alipopata nafuu alihamishiwa Riruta, kwenye nyumba ya Sista Nasipwondi, muuguzi mkali. Mwanzoni hakuruhusiwa kuvuka lango. Baadaye alikwenda kazini mchana na kurudi kulala. Sasa aliruhusiwa kushinda nyumbani Jumamosi, lakini jua lisizame kabla hajarudi.

Siku hiyo baba alipofika, Gathoni hakumsalimu.

"Leo hurudi huko," alisema. "Kama umepona, lala kwako. Kama hujapona, usije kabisa. Nimechoka kuchekwa!"

Mama alikuwa Soko la Toi akiuza mitumba. Hakukuwa na wa kumkemea. Baba akainamisha kichwa. "Haya. Nitalala hapa."

Habari zikamfikia Baba Mkubwa Waithaka, aliyeishi ploti moja nao na kutembelea mkongojo tangu alipoanguka kutoka kwenye lori na kuvunjika mguu. Kwake yeye, ndugu akirudi lazima abarikiwe, na hakujua baraka isiyo na muratina, pombe ya asali ya wazee. Jioni aliingia na kibuyu na pembe ya ng'ombe, akaijaza.

"Pokea, ndugu yangu. Hii si chang'aa. Hii ni ya baraka."

Harufu ikaenea chumbani. Gathoni akamwona baba akimeza mate. Mikono yake iliyokuwa imetulia ikaanza kutetemeka, na bado ikanyooka kuifuata pembe.

Gathoni akaruka, akaipiga. Muratina ikamwagika sakafuni.

"Mtoto mshenzi!" Waithaka akainua mkongojo. "Unamwaga baraka za wazee?"

"Huoni mikono yake? Ataanza tena! Mimi ndiye niliyemshikilia abaki. Baba, nenda Riruta. Nenda sasa hivi!"

Baba akasimama katikati yao. "Nipige mimi, kaka. Mtoto ameona nilichokuwa nakificha."

Akatoka, Gathoni nyuma yake. Waithaka akawafuata akichechemea na kufoka njia nzima.

Langoni, baba alimweleza Sista Nasipwondi yote bila kujitetea.

"Kwa hivyo wewe ndiye unamfunga ndugu yangu!" Waithaka akang'aka. "Pombe ilimtoka zamani!"

Sista akauonyesha kidole mkongojo wake. "Mzee, mguu huo ulipofunguliwa plasta, ulikimbia siku hiyo?"

"Nikimbie vipi? Kwanza magongo mawili, halafu moja, halafu..." Waithaka akautazama mkongojo wake.

Sista akamgeukia Gathoni. "Na wewe ulimnyang'anya baba yako magongo kwa sababu watu wanacheka. Pombe hutoka mwilini mapema. Hamu yake hukawia. Ndiyo maana tunamwachilia kidogo kidogo. Ulipomwaga pombe ulifanya vyema. Ulipomharakisha ulimkosea." Kisha akamwambia Nderitu, "Jumamosi ijayo hutoki. Ingia."

Nderitu akaingia. Wiki zikapita, akaruhusiwa tena kushinda nyumbani, kisha kulala, na mwishowe akarudi kabisa, akibaki kwenda kumwona Sista mara moja kwa wiki. Gathoni ndiye aliyemsindikiza, wakipita mbele ya Murunga na foleni yake bila kuinamisha kichwa.

Siku ile Nderitu aliporudi kabisa, Waithaka alileta pembe ile ile. Safari hii ilikuwa na maziwa.

"Nilidhani kumpenda ndugu yangu ni kumrudisha upesi," alisema. "Kumbe ni kumngoja apone sawasawa."

Akampa Nderitu pembe, kisha akamkazia macho Gathoni.

"Na hii usimwage."